Kipindi cha Baba

Nianze na dishi, kwa sababu dishi ndilo lililoanza kunichokoza.

Mume wangu Anton alilifunga juu ya Coaster yetu, akaapa kwamba litashika popote tutakapoegesha. Sisi tunaishi garini kuliko nyumbani. Coaster ile aliinunua ikiwa imechoka, akang'oa viti, nyuma akaweka kitanda, katikati jiko la gesi na makabati ya bidhaa. Tunafuata minada ya ng'ombe, leo Igunga, kesho Nzega, keshokutwa Puge, tunauza vyandarua na vyombo vya plastiki, na jua likizama tunalala humo humo. Watu wakiniona nasonga ugali mlangoni na televisheni inaongea ndani husema hawa ni wazungu weusi. Waseme. Ila huyo mzungu mweusi wao hutumia nusu ya jioni akipiga kelele, "Kushoto! Nimesema kushoto! Umelipoteza tena!" huku mume wake yuko juu ya paa kakumbatia dishi.

Jumapili ile dishi lilikuwa na kazi moja. Saa kumi alasiri, baba yangu, Mzee Marko wa Itetemia mjini Tabora, alikuwa aonyeshwe kwenye televisheni akiimba.

Mtu atauliza, mzee kuimba kwenye televisheni ni jambo la kukosesha watu usingizi? Ni jambo. Baba hana sauti. Mwaka jana alipata uvimbe kooni, akafanyiwa upasuaji, uvimbe ukatoka na sauti ikatoka nao. Sasa anazungumza kwa mikono na fimbo. Lakini kabla hajaugua, watu wa televisheni walikuja Kwihara kutengeneza kipindi kuhusu njia ya zamani ya misafara, wakamwomba aimbe wimbo wa wapagazi aliofundishwa na babu yake. Akauimba wote, mwanzo mpaka mwisho, mbele ya kamera. Sisi nyumbani hatukuwahi kuurekodi, hata kwa simu. Nani anaurekodi wimbo wa mtu anayeuimba kila siku jioni? Na nani anajifunza wimbo wakati mwenyewe yupo? Ulikuwa mrefu, kila ubeti unataja kambi moja ya njiani kutoka pwani hadi Tabora, na mimi niliujua mstari wa kwanza tu, ule ambao hata watoto wa jirani waliujua.

Kwa hiyo sauti ya baba yangu ilikuwa imebaki mahali pamoja duniani, ndani ya kipindi kile. Kiliporushwa mara ya kwanza, umeme ulikatika mtaa mzima. Nikapiga simu kituoni. Binti mmoja mwenye sauti ya kusinzia akaniambia kuna marudio Jumapili, baada ya hapo basi.

"Kwenye mtandao hamkiweki?" nikamuuliza.

"Mtandaoni tunarusha moja kwa moja tu, mama. Vinavyobaki kule ni vichekesho."

"Niwafuate huko huko basi, mninakilie."

"Vipindi vya zamani tunafuta, mama. Nafasi."

Nafasi! Nilikata simu kabla sijasema neno ambalo ningelipeleka kwenye kitubio.

Upande wa pili wa wimbo ulikuwa wa jirani yetu, Bibi Theodora, nao lazima niueleze. Bibi Theodora alikuwa Mgogo, mjane wa mfanyakazi wa reli. Enzi za misafara babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kutoka pwani, na wakifika Ugogo walitozwa hongo, ushuru wa kupita. Watu hawakusahau, wakageuza utani. Njia ya mkato ya Baba kwenda barabarani inapita uani kwa Bibi Theodora, kwenye pengo la ua wa minyaa. Kila jioni alisimama pale pengoni akaimba, "Fungueni njia, tumefika na mizigo!" Naye bibi, hata kama yuko jikoni na moshi machoni, akaitikia, "Lipeni kwanza, njia ina wenyewe!" Baba akaendelea, kambi hii, kambi ile, na kila ubeti bibi akadai. Mwisho Baba alimwekea kiganjani michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaruhusiwa kupita. Wazee wazima, kila siku ya Mungu.

Baada ya upasuaji Baba alisimama pengoni na kugonga fimbo chini. Na Bibi Theodora akaitikia vile vile, peke yake, wimbo ambao hakuna aliyeuanzisha. Mimi nilishindwa kusikiliza. Nilikuwa naingia ndani.

Basi mnaelewa kwa nini nilipanga Jumapili ile kama mtu anayepanga harusi. Tulikuwa turudi Tabora Jumamosi, niketi mwenyewe mbele ya televisheni ya Baba. Lakini kwa kuwa namfahamu Anton na nalifahamu gari lake, nilimwachia maagizo wifi yangu Eustadia, mke wa kaka yangu, anayekaa na Baba.

"Wifi, king'amuzi kinarekodi chaneli ile iliyowashwa, si nyingine. Ukihama, kinahama na wewe. Chomeka diski, weka chaneli, bonyeza kitufe chekundu, kisha usiguse kitu. Hata akija paroko akataka taarifa ya habari, mwambie akatazame kwake."

"Nimesikia, wifi."

"Rudia."

Akarudia. Alikuwa na subira kuliko nilivyostahili.

Jumapili mchana, tukiwa tumeshachelewa siku nzima, gari likazima Puge. Anton akafungua boneti, akanusa, akaniambia altaneta inayochaji betri imekufa na hata betri haikuwa na chaji ya kutosha. Nikatazama barabarani. Basi lililokuwa limepita lilikuwa limepita, na lijalo lisingenifikisha Itetemia kabla ya saa kumi.

"Usijali, mama Maua," akasema Anton. "Dishi lipo."

"Usiniambie habari za dishi!"

Lakini alishapanda juu. Mimi ndani na rimoti, yeye paani na spana, mawingu ya mvua yamejaa upande ule ule ambao dishi linataka kutazama. Paneli ya sola chini ya mawingu yale ilikuwa pambo. Nikapiga kelele kulia, nikapiga kelele kushoto. Wachungaji waliokuwa wakirudi kutoka mnadani wakasimama kutazama, mmoja akamshauri Anton alielekeze Shinyanga. Ghafla picha ikaja, safi, na muziki wa kuanzia kipindi. Nikapiga vigelegele peke yangu. Mtangazaji akatokea amesimama Kwihara, akaanza kueleza habari za misafara taratibu kabisa, kana kwamba hakuna mtu Puge anayehesabu pumzi za betri.

Kisha nikamwona Baba. Ana koti lake la kahawia, kofia mkononi, anasema, "Mimi ni Marko, mjukuu wa mpagazi." Sauti yenyewe ile, nzito, yenye mkwaruzo mwishoni. Machozi yakanitoka hapo hapo. Na televisheni ikazima. Betri ilikuwa imekata roho.

Sikupoteza muda kulia. Nikatoa simu, nikafungua programu ya kituo, nikatoka mbio kuelekea kichuguu kilichokuwa ng'ambo ya barabara, kwa sababu kule garini mtandao ulisoma alama moja na kwenye kichuguu ulisoma mbili. Fikirieni mwanamke wa umri wangu juu ya kichuguu, mkono juu, kitenge kinapepea, anaitukana simu. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Nikaletewa kwanza tangazo la magodoro, lile likaja bila kukwama hata mara moja. Magodoro hayakosi mtandao! Halafu picha ikarudi. Mtangazaji anasema, "Mzee, tuimbie basi." Baba akavuta pumzi, akaweka mkono kifuani, akafungua mdomo.

Akabaki hivyo hivyo. Mdomo wazi, kiduara kinazunguka juu ya uso wake.

Nilishuka kichuguu, nikapanda tena. Nilizima simu, nikaiwasha. Ilipofunguka, mtangazaji alikuwa anawashukuru watazamaji.

"Si nyumbani wanarekodi?" akasema Anton, akanyoosha mkono kunishika bega.

"Niache." Lakini alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililonizuia nisiirushe simu majanini. Nyumbani kulikuwa na umeme, kulikuwa na diski, kulikuwa na Eustadia na kitufe chekundu. Nikampigia. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, na tena. Mwisho ikawa haipatikani. Sikuwaza msiba wala ugonjwa, hasira yangu ilikuwa inajiandaa mapema. Nilijua. Eustadia anapenda tamthilia za Jumapili. Amehama chaneli, na sasa anaogopa kupokea.

Fundi alikuja kesho yake asubuhi na altaneta ya kuokoteza. Njia nzima kutoka Puge mpaka Tabora nilikuwa natunga maneno ya kumwambia wifi yangu. Nilikuwa nayo ya kutosha kwa mwaka mzima. Anton aliendesha, na kila nilipomaliza sentensi alisema "ehee," kama mtu anayesikiliza redio.

Tulipokata kona ya kwetu Itetemia, nikaona turubai. Watu wamekaa kwenye viti vya kukodi, wanawake wamejifunga kanga, masufuria makubwa mekoni. Nikadhani ni Baba. Kisha nikaona turubai liko upande wa pili wa minyaa, kwa Bibi Theodora.

Eustadia alinipokea mlangoni, macho yamevimba.

"Bibi ametutoka, wifi. Jana. Kaanguka jikoni. Wanazika leo saa tisa."

"Mungu amlaze pema," nikasema, nami nilimaanisha. Nilimpenda yule bibi. Halafu, Mungu anisamehe, nikauliza pumzi ile ile, "Umerekodi?"

Akanitazama. Akaniongoza sebuleni. Diski ilikuwa imechomekwa pale pale nilipomwagiza. Tukatafuta rimoti kila mahali, chini ya makochi, nyuma ya kabati, haikuonekana, ikabidi nibonyeze vitufe vya king'amuzi chenyewe. Orodha ikafunguka. Jina la kipindi lilikuwepo, tarehe ilikuwepo. Nikabonyeza. Televisheni ikaniandikia kwamba rekodi imeharibika, haiwezi kufunguliwa.

"Ulifanya nini?" nikamuuliza. "Eustadia, nilikwambia usiguse!"

"Si mimi, wifi."

"Nani basi? Paka?"

"Baba."

Akanieleza akiwa amesimama, anazungusha ncha ya kanga kidoleni. Walikuwa wamekaa wote wawili, kitufe chekundu kimewaka. Baba alikuwa amevaa koti la kahawia, lile lile, na ameketi wima kama yuko kanisani. Akajiona, akatabasamu. Mtangazaji alipomwambia aimbe, na kabla hajaanza, ndipo kilio kikatoka kwa jirani. Baba alijua mara moja ni nani. Akainuka, akaenda ukutani, akazima swichi.

"Ungewasha!"

"Aliegemea swichi, wifi. Mgongo wote. Nikamwambia, Baba, tuzime televisheni tu, king'amuzi kibaki, hakuna atakayesikia. Akatikisa kichwa. Nikamwambia ni wimbo wako, Baba, hautarudi. Akanionyesha kule kwa bibi. Hivi." Akanyoosha kidole kuelekea kwenye minyaa. "Alikaa pale pale ukutani mpaka nikaacha kuomba. Kisha tukaenda msibani, na simu yangu nikaisahau hapa, ikaisha chaji."

Ndiyo, nafahamu. Kwetu jirani akifiwa, redio inazimwa, televisheni inazimwa, hata anayepaka rangi nyumba anashuka kwenye ngazi. Mimi mwenyewe nimewahi kumgombeza mtu kwa jambo hilo. Lakini king'amuzi hakina mdomo! Kinarekodi kimya kimya, gizani, hakimsumbui marehemu wala wafiwa. Mzee yule haelewi kwamba king'amuzi na televisheni ni vitu viwili, na vyote vimechomekwa kwenye soketi moja, na kwa kutoelewa huko amemaliza kitu ambacho hakuna fedha wala fundi atakayekirudisha. Nilikuwa na hasira, na mtu wa kumkasirikia hakuwa tena Eustadia niliyemtungia maneno.

Nikapita kwenye pengo la minyaa. Baba alikuwa kwenye benchi la wanaume, koti la kahawia, fimbo katikati ya magoti.

"Shikamoo, Baba."

Akainua mkono, ndiyo marahaba yake siku hizi.

Nikainama sikioni kwake ili watu wasisikie. "Baba, kwa nini? Ulijua ni mara ya mwisho. Ulijua!"

Akanyoosha kidole mlangoni kwa bibi, mahali jeneza lilipokuwa. Akagusa koo lake. Kisha akaziba masikio yangu kwa viganja vyake viwili, kwa upole, akaviondoa, akatikisa kichwa. Nilielewa vizuri sana. Hakuwa amechanganya king'amuzi na televisheni. Alikuwa anasema wimbo ule si wa kuimbwa na mmoja, na yule wa kuitikia hasikii tena.

"Na sisi je?" nikasema. "Sisi tuna masikio." Nikaenda kukaa kwa akina mama, hasira yangu ikiwa pale pale.

Saa tisa jeneza likatolewa. Vijana wa mtaa, jamaa wa reli na wajukuu wa bibi walilibeba mpaka kwenye pengo la minyaa, kwa kuwa gari lilikuwa barabarani na njia ya mkato ni ile. Hapo Baba akainuka. Alitembea haraka kuliko nilivyomwona kwa mwaka mzima, akawatangulia, akasimama katikati ya pengo na kulaza fimbo yake, mkono huu mpaka ule. Akawazuia.

Watu wakacheka huku wanalia. Ndivyo mtani afanyavyo, na wote pale walijua anadai nini. Maisha yote bibi alimtoza yeye, na leo bibi ndiye msafiri. Mjukuu mkubwa akasema kwa sauti, "Haya mzee wetu, tufungulie njia. Tuimbie tupite."

Alikuwa ametoka mbali, hakuwa na habari za upasuaji. Hakuna aliyemnong'oneza kwa wakati.

Baba akavuta pumzi. Akaweka mkono kifuani. Akafungua mdomo, na nikamwona tena kama nilivyomwona juu ya kichuguu, mdomo wazi, hakuna kinachotoka. Akina mama waliokuwa wanajua kuitikia walikuwa tayari, midomo nusu wazi, wanangoja. Wabebaji wanangoja. Baba anajaribu, mishipa ya shingo imesimama, mate yanamtoka pembeni, na hakuna.

Sijui niliinuka saa ngapi. Nilijikuta nimesimama nyuma yake na sauti yangu mbaya, ya kupigia kelele dishi, inasema:

"Fungueni njia, tumefika na mizigo!"

"Lipeni kwanza, njia ina wenyewe!" Uwanja mzima, hata wanaume.

Ukawadia ubeti wa pili, wa kambi ya kwanza, na mimi siujui. Nikamtazama Baba. Midomo yake ilikuwa inautamka, nikajaribu kuusoma pale, nisiupate. Nikarudia wa kwanza. Wakaitikia. Nikarudia tena. Baba akaendelea na beti zake bila sauti, kambi moja baada ya nyingine, nami nikapiga kelele mstari ule ule mmoja kama mwendawazimu, mpaka midomo yake ilipotulia. Ndipo akatoa michembe mfukoni, hongo yake ya mwisho kwa bibi, akaiweka juu ya jeneza, akainua fimbo. Wakapita.

Anton alirekodi. Sikumwagiza. Alisimama juu ya paa la Coaster, pembeni ya lile dishi lisilo na faida, na simu yake ikachukua yote bila kukwama. Jioni ya siku msiba ulipoanuliwa, aliihamishia kwenye flashi, akaichomeka kwenye televisheni ya Baba.

Nilitaka kutoka nje. Nilishajua kitakachoonekana, mdomo wa Baba na sauti yangu, na sauti yangu siyo niliyokuwa naitafuta. Bado nina hasira, nasema ukweli, na nadhani nitakuwa nayo siku zote. Lakini Baba alinishika mkono nikae. Akaingiza mkono mwingine kwenye koti la kahawia, akatoa rimoti tuliyoitafuta, akaielekeza kwenye televisheni na kuongeza sauti.